Umeokota Feza ya Kale? Usiisugue! Vidokezo kwa Watu wa Kiwanja

Jembe limegonga kitu. Si jiwe, maana jiwe halilii namna ile. Unainama, unapangusa udongo kwa kidole gumba, na kiganjani kimebaki kiduara cheusi chenye kichwa cha mtu mwenye ndevu. Moyo unadunda. Jirani amekwisha simamisha jembe lake na anakuja mbio kuona.

Kiwanja ni mji wa njia panda. Barabara ya kutoka Goma ikifika kwetu inagawanyika: huku Ishasha na Uganda, huku Kanyabayonga mpaka Butembo, na pale Rutshuru, jirani yetu wa mlango kwa mlango, inachepuka ile ya Bunagana. Leo sokoni unalipwa kwa falanga, unarudishiwa chenji kwa dola, na shilingi ya Uganda haikataliwi. Zamani ilikuwa vilevile, ila majina ya pesa yalikuwa mengine. Ndiyo maana sarafu inayotoka katika udongo wa hapa inaweza kuwa ya Mbelgiji, ya Mjerumani, ya Mwingereza au ya Mhindi. Swali la kwanza la wengi ni "inatoa dola ngapi?" Mimi naomba uanze na jingine: "Ni nani huyu, na amefikaje hapa?" Ukilijibu hilo, la dola halitakusumbua.

1. Weka chini majivu, mchanga na ndimu

Nimeanza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Tumelelewa tukisugua sufuria kwa majivu mpaka ziwake, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe. Tafadhali uzuie. Weusi ule si uchafu. Ni ngozi ambayo fedha hujivika inapokutana na salfa iliyomo hewani na udongoni, na mnunuzi anayejua kazi yake huitafuta ngozi hiyo kama ushahidi kwamba sarafu haijaguswa. Ukiisugua unaondoa pia nyuzi za ndevu, manyoya ya tai na herufi ndogo za ukingoni, navyo havirudi tena. Sarafu nzuri iliyosuguliwa inaweza kupoteza nusu ya bei yake, hata zaidi, kwa dakika tano tu. Dawa ya meno ni mbaya vilevile. Kama udongo umeganda, iloweke katika maji safi ya vuguvugu usiku mzima, iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa cha pamba, basi. Na ukiishika, shika ubavuni, usibonyeze uso wake kwa vidole.

2. Usichimbechimbe ovyo

Ukipata moja utataka kugeuza shamba lote. Polepole. Mji wetu umepita katika vita vya 2008, vya 2012 na vya 2022, na ardhi imemeza mambo mengine yasiyo sarafu. Chuma chochote cha mviringo au chenye mkia usichokijua kisiguswe. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, mpashe habari shefu wa mtaa. Na katika mbuga ya Virunga hairuhusiwi kuchimba kabisa.

Kuna pia sheria ya Kongo ya Machi 1971 inayolinda mali za utamaduni. Sarafu moja ya shambani ni kitu kidogo, lakini ukikuta chungu kizima cha feza, au feza pamoja na vyombo vya kale, simama hapohapo na uende kwa wenye mamlaka. Kwa mwanahistoria, chungu ambacho hakijavurugwa kina maneno mengi kuliko sarafu mia zilizotawanyika.

3. Isome kabla ya kuipima

Toka nje asubuhi, jua likiwa bado chini, uilaze sarafu ili mwanga uipige kwa ubavu. Herufi zilizofifia zitainuka. Tazama lugha: Kifaransa pamoja na Kiholanzi ni Mbelgiji, Kijerumani ni Mjerumani, na Kilatini hupenda kuzunguka vichwa vya wafalme. Kisha tafuta mwaka. Ikiwa mwaka uko kwa tarakimu za Kiarabu na unaanza na 13, huenda ni wa hijria, kalenda ya Kiislamu. Pesa ya shaba ya kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, kwa mfano, ina mwaka 1307, 1308 au 1309, ambayo ni sawa na 1890 mpaka 1892.

4. Mwenye ndevu ni Leopold wa Pili

Hii ndiyo ya kukufanya uketi. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipoifanya Kongo kuwa mali yake mwenyewe mwaka 1885, alitoa sarafu za fedha za nchi hiyo kuanzia 1887: falanga 5, falanga 2, falanga 1 na nusu falanga. Uso mmoja una kichwa chake, na upande wa pili una ngao yenye simba wawili. Ile ya falanga 5 ina gramu 25, na katika kila sehemu 1000 sehemu 900 ni fedha safi. Ndogo zake zina sehemu 835: ya falanga 2 ni gramu 10, ya falanga 1 ni gramu 5, ya nusu ni gramu 2.5.

Za falanga 5 zilitolewa kwa maelfu tu, si kwa mamilioni, na watu wa Ulaya wanaokusanya sarafu wanazitafuta sana. Kwa hiyo usikubali kamwe kuiuza kwa kilo kama chuma chakavu. Lakini pia, unapoishika, kumbuka ni kichwa cha nani. Wakati sarafu hizi zinatoka kiwandani, watu wa misitu ya mpira walikuwa wakitozwa mpira kwa bunduki na kwa mjeledi, na wengi hawakuiona hata moja ya feza hizi. Ndiyo sababu nyingine inayofanya ziwe haba katika ardhi yetu: alama ya nchi ilikuwa juu yake, lakini haikuwa pesa ya mwananchi.

5. Mwenye kofia ya tai ni Kaiser, na uzito wake unaujua tayari

Rupia ya Mjerumani ndiyo ambayo mtu wa upande huu ana matumaini ya kweli ya kuiokota. Ina Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani aliyevaa kofia ya vita yenye tai juu. Za 1890 mpaka 1902 zilitolewa na kampuni, na nyuma zina simba na mnazi. Za kuanzia 1904 zimeandikwa kwa Kijerumani jina la Afrika Mashariki ya Ujerumani, na chini ya mwaka kuna herufi ndogo: A kwa Berlin, J kwa Hamburg. Usiidharau herufi hiyo, kwa maana mwaka uleule unaweza kuwa wa kawaida kwa A na wa nadra kwa J.

Ilifikaje Kiwanja? Kwanza, mpaka wa Kivu kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza ulibishaniwa kwa miaka mingi, na makubaliano yalifikiwa mwaka 1910 tu. Pili, vita. Aprili 1916 Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, chini ya Charles Tombeur lilivuka kutoka upande wetu na kuingia Ruanda ya Mjerumani. Mei likawa Kigali, na tarehe 19 Septemba likaingia Tabora. Nyuma ya askari walikwenda wapagazi maelfu kwa maelfu, wakibeba risasi na chakula vichwani. Wengi walizikwa njiani. Waliorudi walirudi wametembea katika nchi ya rupia.

Sasa sikiliza jambo zuri. Rupia hii, sawasawa na rupia ya Kihindi yenye kichwa cha Malkia Victoria, ina uzito wa gramu 11.66. Mnunuzi yeyote wa dhahabu atakuambia gramu 11.66 ni nini: ni tola moja! Kipimo kinachotumika mpaka leo kununulia dhahabu ya Kongo mashariki ndio uzito wa rupia yenyewe, urithi wa biashara ya Wahindi. Kwa hiyo huna haja ya kitabu. Iweke kwenye mizani ya dhahabu, na ikikaribia tola moja, ikipungua kidogo tu kwa kuchakaa, uko njia nzuri. Fedha yake ni sehemu 917 katika 1000.

Ukipata ya rupia mbili, kubwa na nene, yenye mwaka 1893 au 1894, usilale nayo bila kuifunga vizuri. Ilitolewa miaka hiyo miwili tu, tena chache. Na usitupe shaba ya njano yenye mwaka 1916 na hela 20: hiyo iligongwa Tabora, katika karakana ya reli, Mjerumani alipokuwa amezingirwa hana pesa. Si fedha, lakini ina wapenzi wake. Neno "hela" lenyewe, ambalo ndugu zetu wa Tanzania wanalitumia kwa pesa yoyote ile, limetoka kwenye sarafu hizo.

6. Tembo wa 1944

Ubelgiji ilipokuwa mikononi mwa Hitler, Kongo haikuweza kuagiza sarafu Brussels. Falanga 50 za mwaka 1944 zikatengenezwa Pretoria, Afrika Kusini. Zina tembo anayetembea, na jina la Benki ya Kongo ya Kibelgiji kwa Kifaransa na Kiholanzi. Uzito gramu 17.5, nusu yake fedha safi. Ni sarafu ya mwaka mmoja tu. Kwa mfanyakazi wa shamba la kahawa wa wakati ule haikuwa chenji ya kununulia chumvi; alikuwa anaificha. Akiifukia chini ya jiko na kusahau, mjukuu ndiye anayeifukua. Usiichanganye na ndugu yake wa pembe sita, falanga 2 za 1943, mwenye tembo pia lakini wa shaba ya njano.

7. Simba wa shilingi: tazama mwaka

Kutoka Uganda ilikuja shilingi ya Afrika Mashariki, simba mbele ya milima. Kati ya 1921 na 1946 robo yake ilikuwa fedha. Za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Ni tofauti ya miaka miwili, na ndiyo inayowakosesha wengi.

8. Si kila cheupe ni fedha

Falanga 1 na nusu falanga za Mfalme Albert za miaka ya 1920, zenye mchikichi, ni nyeupe na nzuri, lakini ni nikeli na shaba. Senti zenye tundu katikati na nyota ni hivyohivyo. Falanga 10 za 1965 zenye kichwa cha simba ni alumini, nyepesi kama kifuniko. Zitunze kwa ajili ya watoto, usizipeleke kwa sonara.

Nyeupe moja ya karibuni ambayo ni fedha kweli: zaire mbili na nusu za 1975, zilizo na gorila wa milimani. Ngagi wetu wenyewe, wa milima unayoiona kutoka barabarani! Hazikuwa za kutumika sokoni. Ziliuzwa kwa wakusanyaji ili kusaidia uhifadhi wa wanyama.

9. Sumaku, mizani, kikombe cha maji

Sumaku ya spika mbovu inatosha kwa hatua ya kwanza. Fedha haivutwi. Ikinata, ni chuma au nikeli. Lakini isiponata usishangilie bado, kwa kuwa shaba nayo hainati.

Halafu uzito. Wanunuzi wa dhahabu wana mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Omba kwa adabu, lipa kidogo ikibidi, na uangalie namba kwa macho yako. Mizani iwe imeonyesha sifuri kabla.

Ukiwa na mizani kama hiyo, kuna kipimo cha maji ambacho hakidhuru sarafu na ambacho nakipenda sana. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, iteremshe mpaka izame kabisa lakini isiguse chini wala pembeni. Mizani itaonyesha namba ndogo. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Ukipata karibu na 10.3, una fedha nzuri ya aina ya Leopold au rupia. Ukipata 8.9 hivi, ni shaba na nikeli. Falanga 5 halisi yenye gramu 25 itasoma 2.4 majini, ya bandia yenye uzito uleule itasoma 2.8. Tembo wa 1944 atakaa katikati, kwa sababu nusu yake si fedha.

Kataa tindikali. Kuna wanaoikwaruza sarafu juu ya jiwe na kuitonea dawa kama dhahabu. Kwao ni kipimo, kwako ni kovu la milele.

10. Hesabu ya chini kabisa

Fedha huuzwa duniani kwa aunsi ya gramu 31.1. Bei hubadilika kila siku, na unaweza kuiona kwenye simu. Chukua uzito wa sarafu, zidisha kwa kiwango cha fedha, gawanya kwa 31.1, zidisha kwa bei ya siku. Tuseme, kwa mfano tu, aunsi ni dola 30. Falanga 5 za Leopold zina gramu 22.5 za fedha safi, yaani aunsi 0.72: dola 21 na kitu. Rupia ina aunsi 0.34: dola 10. Tembo ana 0.28: dola 8. Shilingi ya robo fedha haifiki hata dola 2.

Hiyo ni sakafu ya bei. Aliyekuja mbio kutoka mbali akakupa chini ya hapo, mpe maji ya kunywa na umtakie safari njema. Kinachopanda juu ya sakafu ni uhaba na hali ya sarafu. Wakusanyaji wa Kifaransa na wa Ubelgiji hutumia vifupisho: TB, TTB, SUP, FDC. Usidanganywe na utamu wa maneno. TB maana yake "nzuri sana", lakini kwao ni sarafu iliyochakaa vibaya! TTB ni iliyotumika ila michoro bado iko wazi. SUP karibu haijatumika. FDC ni kama imetoka kiwandani leo. Kati ya TB na FDC ya sarafu moja, bei inaweza kupishana mara kumi. Iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni hurudi karibu na sakafu, hata kama ni nzuri kwa macho.

Katalogi ya Numista, inayofunguka bure kwenye simu, ina picha za karibu zote nilizozitaja. Linganisha mwaka kwa mwaka, herufi kwa herufi.

11. Wanaouza miujiza

Atakuja mtu akikuambia kwamba rupia yako inavuta mchele, kwamba ina nguvu, kwamba kuna tajiri anayeilipa mamilioni mradi wewe utoe kwanza pesa ya "kuipima". Nchini Tanzania watu wamefukua makaburi na magofu wakitafuta mali ya Mjerumani, na wengi walitoka na deni. Sarafu haina nguvu yoyote zaidi ya fedha iliyo ndani yake na historia iliyo juu yake. Anayedai pesa kwanza ni mwizi.

Kwa sababu hiyohiyo, usiitie picha yake katika kila kundi la WhatsApp. Wachache wajue. Na ikiwa uliiokota katika kiwanja cha mwingine ukiwa kibarua wa kuchimba msingi, mwambie mwenye kiwanja na mpatane mapema, mbele ya shahidi. Urafiki mwingi umevunjika kwa kitu cha dola kumi.

12. Ihifadhi, na uiandikie

Bahasha ya karatasi kavu inatosha. Usiifunge kwa mpira, maana mpira una salfa na utaacha mstari mweusi. Wala usiitie katika mfuko wa plastiki laini, ambao baada ya miaka hutoa utelezi wa kijani.

Kabla hujafunga bahasha, nenda kaketi na mzee wa mtaa. Mwonyeshe. Usimuulize bei, muulize hapo ulipoiokota palikuwa nini. Wale waliozaliwa miaka ya 1940 bado wanajua shamba la mzungu lilianzia wapi, njia ya zamani ya miguu ilipita wapi, duka la Mhindi lilisimama wapi. Nakuomba uende mwezi huu, si mwaka ujao. Kisha chukua kikaratasi, uandike kwa kalamu ya risasi maneno kama haya, na ukiingize pamoja na sarafu:

"Falanga 50, tembo, 1944. Gramu 17.3. Imetoka shambani nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, kina cha mkono mmoja, tulipokuwa tunapanda maharage. Mzee wa jirani anasema hapo palikuwa na nyumba za wafanyakazi wa kahawa, na baba yake alikaa katika ile ya tatu."